Mgonjwa Huyu Aulizwe Uji

Mama yangu alifika wodini saa sita mchana, saa ya kuona wagonjwa, akiwa na kapu la ukili lenye hotpoti mbili. Moja ilikuwa na uji wa mchele uliotiwa tui la nazi, nyingine supu ya kuku wa kienyeji. Aliamka alfajiri kuvipika, akapanda daladala huku amevipakata. Mjukuu wake wa miaka minane alikuwa siku ya pili tangu atolewe kidole tumbo. Alilala ameelekea ukutani, midomo imemkauka, mkono mmoja juu ya plasta ya tumboni. Mama alimimina uji kwenye kikombe, akanipa. Nikamwambia, "Mama, amesema hataki." Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mgonjwa haulizwi uji, mwanangu. Mpe."

Methali hiyo nimekua nayo, kama watoto wengi wa Tanga. Inasema haja iliyo wazi haingoji kuombwa: mwenye shida umwone mwenyewe, umpelekee, usimchoshe kwa maswali. Ni methali ya watu wema. Sina ugomvi nayo kwa mtu anayenyanyuka kutoka kwenye malaria, wala kwa mzee anayeishi peke yake na anaona haya kuomba. Lakini kwa mtoto aliyetoka kupasuliwa nimeiona ikiumiza, na mkono ulioumiza ulikuwa wangu.

Nilimwinua mwanangu nikamwegemeza kifuani. Akameza kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alimeza kwa sababu ni mtoto mtiifu, na kwa sababu bibi yake alikuwa anamtazama. Kwenye cha sita au cha saba alinishika kifundo cha mkono akakaza vidole, uso ukamtoka jasho. Nikasema, "Kimoja tu cha mwisho." Kikarudi pamoja na vyote vilivyotangulia. Anayetapika hukaza misuli ya tumbo, na misuli hiyo ndiyo iliyokuwa imekatwa na kushonwa usiku wa kuamkia jana yake. Sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia kwake, wala sijaisikia tena. Alikuwa analilia mshono. Kisha, bado anahema, akaniambia, "Samahani, mama."

Neno hilo ndilo lililonikalisha kuandika haya. Mtoto mgonjwa aliniomba radhi kwa kuwa tumbo lake halikuweza kunipendeza.

Wengi wetu hudhani kichefuchefu cha baada ya upasuaji hutokana na tumbo tupu, kwa hiyo dawa yake ni kulijaza. Sivyo. Chini kabisa ya ubongo, karibu na pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna sehemu ndogo inayoionja damu muda wote ikitafuta sumu. Gesi za nusukaputi, morfini na dawa za jamii yake, hata ketamini inayotumika sana katika hospitali zetu za wilaya, sehemu hiyo huzichukua kama sumu, nayo hutimiza kazi yake: huagiza tumbo litoe kilichomo. Utumbo ulioguswa na kuvutwa nao hupeleka malalamiko yake huko huko juu kwa njia ya mshipa wa fahamu. Maumivu huongeza, hofu huongeza, na kutikiswa kwenye kitanda cha magurudumu huongeza. Ndiyo maana mtoto ambaye hajatia kitu mdomoni tangu juzi bado hutapika. Hana cha kutapika, lakini amri imeshatolewa.

Tatizo hili lina umri sawa na nusukaputi yenyewe. Tangu William Morton alipoonyesha kazi ya etha mbele ya madaktari wa Boston, Oktoba 1846, watu wameamka kutoka kwenye usingizi ule wakishika beseni. Dawa za sasa ni nafuu kuliko etha, lakini watoto bado wanatapika kuliko wakubwa. Mwaka 2004 Leopold Eberhart na wenzake huko Ujerumani walichapisha kipimo rahisi cha kumtambua mtoto atakayetapika. Mambo ni manne: upasuaji wa nusu saa au zaidi, umri wa miaka mitatu na kuendelea, upasuaji wa kunyoosha macho yenye makengeza, na kama mtoto mwenyewe, mzazi wake au ndugu yake aliwahi kutapika baada ya upasuaji. Asiye na hata moja, hatari yake ni kama watoto 9 kati ya 100. Mwenye matatu ni 55, na mwenye yote manne ni 70.

Mwanangu alikuwa na matatu. La tatu ni mimi: miaka kadhaa nyuma nilitolewa uvimbe, nikatapika usiku kucha mpaka nikatamani kufa. Hakuna aliyeniuliza habari hiyo kabla mtoto hajaingizwa chumba cha upasuaji, nami sikujua kuwa ni jambo la kusema. Ningelisema, daktari wa usingizi angeweza kuchagua dawa nyingine au kumchoma mapema sindano ya kuzuia kutapika. Ondansetroni ipo kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani. Nalitaja hili kwa sababu mzazi hupewa fomu ya kutia saini, na wasiwasi ukimjaa husaini bila kufungua mdomo. Afungue. Aseme, "Mimi nilitapika sana," au "Dada yake alitapika alipokatwa tezi za koo." Ni sentensi moja tu.

Kwa aliyepasuliwa tumbo kuna jambo la ziada, nalo ni kwamba utumbo hulala. Ukishikwa, ukisogezwa, ukikumbwa na uvimbe na dawa za maumivu, huacha kusukuma. Utumbo mwembamba huamka ndani ya saa chache hivi, mfuko wa chakula huchukua siku moja au mbili, na utumbo mpana mbili mpaka tatu. Kwa mwanangu ulichelewa, na sababu naijua. Maumivu yalipoanza kitovuni tulisema ni minyoo, tukampa dawa ya minyoo. Yalipohamia chini upande wa kulia tukasema atapoa. Mpaka tunafika hospitali, kidole tumbo kilikuwa kimeshaanza kutoboka, na ikabidi daktari aoshe usaha ndani ya tumbo. Utumbo uliolala ndani ya usaha hauamki kwa supu ya kuku.

Kila asubuhi sista aliuliza swali lile lile kitanda kwa kitanda: "Ameshatoa upepo?" Mwanzoni niliona haya kulijibu mbele ya watu. Baadaye nilielewa kuwa ndilo swali kubwa kuliko yote mle wodini. Mtoto akijamba, njia imefunguka kutoka juu mpaka chini. Kabla ya hapo, uji unaomiminwa juu hauna pa kwenda isipokuwa kurudi ulikotoka.

Siku ile ya uji, sista wa zamu ya mchana, mama mtu mzima, hakunigombeza. Alimfuta mtoto uso na shingo, akamgeuza ubavu, akaichukua kanga yangu akaikunja mara nne na kuilaza juu ya mshono. "Ukitaka kukohoa au kutapika, ikumbatie hivi, mwanangu. Ikaze." Mtoto akaikumbatia. Mpaka leo nashangaa jambo dogo hivyo hakuna aliyetufundisha tangu mwanzo. Kanga hupunguza maumivu kwa sababu inashikilia kile ambacho misuli imeshindwa kushikilia. Kisha akaomba kijiko cha chai. "Maji, kijiko kimoja. Tazama saa. Dakika tano, kingine. Akitapika, mpumzishe nusu saa, uanze tena." Akamgeukia mama yangu. "Shikamoo bibi. Uji wako mzuri na tutauhitaji, lakini si leo."

Kijiko cha chai ni mililita tano. Ukitoa kimoja kila dakika tano, kwa saa moja ni mililita 60, na kwa saa nane umefika karibu nusu lita, na tumbo halikuwahi kujua kuwa limejazwa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni mtoto. Nilikaa na kijiko kimoja cha nyumbani chenye mpini uliopinda, simu kwenye paja nikitazama dakika. Vijiko vinne vya kwanza alivipokea amefumba macho. Cha tano alifumbua jicho moja kutazama kama ni maji kweli au ni uji umejificha. Nilielewa kuwa kabla ya kurudisha hamu yake ya kula nilikuwa na kazi nyingine, kurudisha imani yake kwangu. Nikamwinamishia kijiko akione. Maji matupu.

Hospitali nazo ziliwahi kulikosea jambo hili, kwa hiyo mama yangu hayuko peke yake. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kwamba mtoto aliyepasuliwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo haruhusiwi kutoka mpaka anywe kitu mbele ya nesi, akizuie tumboni. Mwaka 1992 Mark Schreiner na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwagawa watoto mafungu mawili: waliotakiwa kunywa kabla ya kuruhusiwa, na walioachiwa wanywe wakitaka. Waliolazimishwa ndio waliotapika zaidi. Wale walioachiwa, wakiwa wameshapata maji ya kutosha kwa dripu, hawakupungukiwa. Kiu yao iliwaongoza vizuri kuliko kanuni ya wodi.

Kwa nini basi tunalazimisha? Nimelifikiria sana swali hili, na sipendi jibu la haraka kwamba ni ujinga. Mama wa Kitanzania hupimwa kwenye mizani ya mtoto wake. Miaka mitano mfululizo hupanga foleni kliniki, mtoto huning'inizwa, uzito husomwa kwa sauti, na nukta huwekwa kwenye kadi yenye kijani, kijivu na nyekundu. Nukta ikishuka, macho yote ya benchi humgeukia. "Mama, unamlisha nini mtoto huyu?" Kadi ile imeokoa watoto wengi na naiheshimu. Lakini imetuachia kitu kifuani ambacho hakiondoki mtoto anapotimiza miaka mitano na kadi kuingia sandukuni. Mtoto akigeuza uso mbele ya kijiko, tunasikia tumeshtakiwa.

Na mama yangu ana lake. Alitulea miaka ya mwanzo ya 1980, miaka ya foleni za unga, ya mahindi ya njano ambayo unga wake watu waliuita yanga. Nyumba ya mtu asiye na duka wala shamba la karibu, chakula kikipatikana kililiwa, hakikujadiliwa. Mtoto aliyesema "sitaki" jioni hii, kesho jioni huenda pasingekuwa na cha kukataa. Mwanamke aliyevuka miaka hiyo na watoto wanne wakiwa hai ana haki ya kutouliza. Nilipokaa naye kwenye benchi la nje jioni ile, aliniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia: kaka yangu mkubwa aliwahi kuharisha mpaka ngozi ikabaki ukunjo, naye alimnywesha uji wa chumvi usiku kucha akilia. "Ningemuuliza, angesema hataki. Angekufa." Sikuwa na la kumjibu. Alisema kweli.

Hapo ndipo penye uzito wa malezi. Mwenzetu wa Marekani, mtaalamu wa lishe Ellyn Satter, aliligawa jukumu la kulisha: mzazi aamue kipi kinaliwa, lini na wapi; mtoto aamue kama atakula na kiasi gani. Kwa mtoto mzima wa afya kanuni hiyo inatosha. Kwa aliyepasuliwa, mimi ningesema upande wa mzazi unaongezeka kazi badala ya kupungua. Kumuuliza mtoto si kumwachia mzigo. Anayemuuliza hawezi kulala wala kwenda kupiga soga na mama wa kitanda cha pili. Lazima ajue amekunywa vijiko vingapi tangu asubuhi, amekojoa mara ngapi, mkojo una rangi gani. Kulazimisha ni rahisi zaidi. Kikombe kikiisha umemaliza kazi.

Mume wangu alikuwa akipiga simu kila jioni kutoka kazini na swali moja: "Amekula?" Nikijibu hapana, nasikia pumzi yake inashuka, nami nageuka kumtazama mtoto kama aliyenifelisha. Siku ya tatu nilimwomba abadilishe swali. Aulize, "Amekojoa?" Ndilo swali la siku za mwanzo. Mwili wa mtoto aliyekuwa mzima hustahimili siku kadhaa za chakula kidogo, kwa kuwa una akiba. Kwa maji hauna akiba ya namna hiyo. Mtoto anayekojoa, ambaye ulimi una mate na machozi yanatoka akilia, hana dharura ya chakula. Asiyekojoa kwa saa sita mpaka nane, mdomo mkavu, macho yameingia ndani, amelegea, huyo ana dharura, na sista aitwe wakati huo huo.

Siku hiyo hiyo ya tatu upepo ulitoka, tukashukuru Mungu, na daktari akaruhusu uji mwepesi. Lakini mtoto aliramba kidogo akausukuma. "Una ladha ya shilingi," alisema. Bibi yake alidhani anadeka. Nami nilidhani hivyo, mpaka aliposema maji nayo yana ladha ya shilingi. Nikamwambia daktari aliyepita raundi, naye akatazama faili, akatikisa kichwa kukubali. Metronidazoli, dawa ambayo wengi hupewa baada ya kidole tumbo kilichotoboka, huacha ladha ya chuma mdomoni na huchefua. Mtoto alikuwa ananieleza ukweli kamili kwa maneno aliyonayo. Kila mtoto amewahi kutia sarafu mdomoni. Dawa haikusimamishwa, na hakuna mzazi anayepaswa kuisimamisha kwa uamuzi wake, maana bila hiyo usaha ungerudi. Lakini tulipanga vizuri saa za kumpa kitu, tukawa tunampigisha mswaki kabla ya kila mlo, na maji yake tukayatia matone ya limau. Vidonge vya maumivu vya jamii ya ibuprofeni, vinavyokwaruza tumbo tupu, navyo tukavisogeza karibu na chakula.

Kuna jambo la dawa ambalo sitaki kulipita. Ndugu mmoja alikuja na vidonge vya kuzuia kutapika alivyonunua duka la dawa, kwa nia njema kabisa. Ilikuwa ni metoklopramidi. Dawa hiyo kwa watoto inaweza kukaza misuli: shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unatoka, mtoto anajikunja mbele ya macho yako. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliiwekea mipaka mwaka 2013, na kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja imepigwa marufuku huko. Nimewahi kumwona mtoto wa jirani katika hali hiyo, na watu wakisema ni degedege, wengine wakisema amepandwa. Ilikuwa kidonge. Hospitalini dawa hiyo bado ina mahali pake, mikononi mwa anayejua uzito wa mtoto. Mfukoni mwa mjomba haina.

Na kuna matapishi ambayo hayasubiri kijiko wala dakika tano. Yakiwa ya kijani kibichi kama maji ya mchicha, ni nyongo, na huenda njia ya utumbo imefunga. Yenye damu mbichi, hasa kwa mtoto aliyekatwa tezi za koo, hata ikiwa wiki moja baadaye, ni safari ya hospitali usiku huo huo. Tumbo linalovimba na kuwa gumu kama ngoma, homa inayopanda baada ya kuwa imeshuka, mshono unaotoa usaha, mtoto ambaye haamki sawasawa: usiulize mtandao, usimuulize shoga yako, mpeleke.

Wapo pia watoto ambao methali ya mama yangu inabaki na nguvu zake zote. Mtoto mchanga hana akiba; akishaamka vizuri na wauguzi wakiruhusu, titi limfikie mapema. Mtoto mwenye selimundu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wa aina hiyo, akikauka maji damu yake hunasa kwenye mishipa na maumivu humrudia. Huyo maji hayasubiri apende, kama mdomo hauwezi basi dripu. Mwenye kisukari, na aliyeingia chumba cha upasuaji tayari amekonda kwa utapiamlo, hao mpango wao wa chakula uandikwe na daktari. Hata hivyo, kwa wote hao, kinachotakiwa ni njia, si nguvu. Kumlaza mtoto mapajani, kumbana pua na kummiminia uji kwa kiganja, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu nyumba za watu wema, hupeleka uji kwenye mapafu. Kwa mtoto ambaye bado ana usingizi wa dawa ni hatari maradufu.

Hamu ya kula yenyewe hurudi kwa mwendo wake. Mwili uliojeruhiwa humwaga kemikali zinazoifunga njaa kwa siku kadhaa. Ni mwili unaosema subiri kwanza nishone hapa. Baadaye utadai malipo, kwa kuwa kidonda hujengwa kwa protini, na mwili usipoletewa huichukua kwenye misuli. Kwa hiyo haja ya mayai, dagaa, maharage, maziwa na samaki ni ya kweli, ila zamu yake ni wiki ile inayofuata, na kwa wiki kadhaa mbele. Mama mmoja wa kitanda cha dirishani alimnyima mwanawe yai akiamini litafanya mshono utunge usaha. Usaha huletwa na vijidudu. Yai hujenga.

Harufu ndiyo iliyotutesa kuliko ladha. Vyakula vya moto hunukia zaidi, na saa ya kuona wagonjwa wodi nzima ilifunguliwa hotpoti kwa pamoja: pilau, samaki wa kukaanga, mchicha wa karanga. Mwanangu alikuwa anavuta shuka mpaka puani. Tukaanza kumtoa nje saa hiyo, polepole, mkono mmoja kwenye kanga yake na mwingine begani kwangu, hadi chini ya mwarobaini. Kutembea kwenyewe huamsha utumbo, kwa hiyo tulifanya kazi mbili. Nje pale, penye upepo, alikunywa dafu nusu. Siku ya nne alikula kipande cha tikiti lililopoa, kisha ndizi mbivu moja ya mkono wa tembo akaimega mwenyewe. Nilikuwa nimeacha kuleta sahani. Nilileta kisahani cha kikombe, na juu yake vitu vya kutosha mdomo mmoja au miwili, ili abaki na uwezo wa kumaliza. Mtoto aliyemaliza huwa na uso tofauti na aliyebakiza.

Siku ya tano mama yangu alikuja na kapu lile lile. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akatoa hotpoti, akaiweka mapajani bila kuifungua.

"Mjukuu wangu, bibi akupe nini?"

Mtoto akanitazama mimi kwanza, kisha yeye. "Sitaki kitu, bibi."

Nikaona mikono ya mama inakaza kifuniko. Hakusema neno. Aliirudisha hotpoti kapuni, akatoa upepeo akaanza kumpepea, akimsimulia habari za paka wa nyumbani aliyezaa chini ya kabati. Ilipita kama nusu saa. Kengele ya kuwatoa wageni ilikuwa karibu kugongwa pale mtoto alipouliza, "Bibi, wali uliungua?"

"Uliungua kidogo chini."

"Umeleta ukoko?"

Alikuwa ameuleta, umefungwa kwenye karatasi, kwa ajili yangu mimi, kwa sababu tangu utoto wangu ndicho ninachopenda. Nilimtazama daktari aliyekuwa kitanda cha jirani, akaitikia kwa kichwa, "Atafune sana." Mtoto akautafuna taratibu, sauti ya ukoko ikisikika vitanda vitatu. Alikula vipande vinne. Mama alivihesabu, niliona midomo yake ikihesabu, na alipokifikia cha nne mtoto akasema basi, akakunja karatasi kwenye vipande vilivyobaki na kuiweka chini ya mto, pale mkono wake utakapofika.